Zoezi la Walio Bora

Mwalimu wa Viungo alikuwa na namna yake ya kusimama, na anayetaka kumwelewa aanzie hapo. Sisi wengine wa Ufipa, wakulima na watoto wa wakulima, tunasimama kwa kuegemea kitu: mpini wa jembe, nguzo ya nyumba, bega la jirani. Yeye hakuegemea. Kwenye foleni ya sukari mbele ya duka la ushirika, upepo wa mwezi wa sita ukitukata masikio na sisi tumejikunyata ndani ya vitenge, yeye alisimama peke yake na kaptura yake iliyopigwa pasi, visigino pamoja, kifua mbele, hata muuza duka akaona haya kumwambia kwamba sukari imekwisha. Alimwambia, lakini kwa haya.

Jina lake nalijua na sitalitaja. Sitasema pia alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Ukoo wake haukutufanya kitu, yeye ndiye aliyetufanya.

Alifundisha kwenye shule yetu ya msingi, pembeni ya mji wa Sumbawanga, tangu kabla sijazaliwa hadi nilipokuwa mtu mzima mwenye mshahara. Kabla ya hapo alikuwa jeshini, jeshi la mkoloni, na kwa maneno yake mwenyewe alikuwa mkufunzi wa mazoezi. Neno hilo mkufunzi hakulitamka hivi hivi. Alilivutia pumzi kwanza. Walimu wengine walikuwa na vyeti vya chuo, yeye alikuwa na neno hilo, na kwa miaka mingi lilitosha.

Alitutoa nje kabla jua halijachomoza. Mchakamchaka ulianzia mlingotini, ukashika barabara ya kwenda Mollo, miguu mitupu kwenye majani yenye umande baridi mpaka vidole vinakufa ganzi, tukiimba nyimbo za kusifu chama na jembe. Alikimbia ubavuni mwetu, filimbi mdomoni, na aliyebaki nyuma alijua kitakachompata. Alikuwa na misemo yake. "Goti ni bawaba," alisema, "bawaba isiyofunguliwa hushika kutu." Mpira wa miguu, ambao mapadri waliupenda na sisi tuliupenda kuliko chakula, aliudharau kabisa. Aliuita mchezo wa kumkimbiza ng'ombe asiye na maziwa. Mwalimu mkuu, mtu wa Mbeya mwenye tumbo zuri la utumishi, alimwogopa, kwa sababu kila wakikutana Mwalimu wa Viungo alilitazama lile tumbo kwanza, kisha ndipo alipomsalimu mwenyewe.

Nisimwonee. Mtoto akianguka kwa homa barabarani, ni yeye aliyembeba mgongoni hadi zahanati ya misheni, bila kupumzika, bila kumkabidhi mtu mwingine. Kwenye miezi ya njaa, ghala la nyumbani likiwa limebaki vumbi, aliagiza dagaa kutoka Kirando kwa pesa yake, akawapika kwenye sufuria kubwa nyuma ya darasa la saba, na aliyekuwa hajala nyumbani alijulikana bila kuulizwa. Wiki hiyo hiyo angeweza kukuzaba kofi kwa sababu ya kifungo kimoja cha shati. Mama yangu alisema mtu huyo ana mikono miwili isiyofahamiana.

Jioni aliwafundisha mgambo. Bunduki zilikuwa za mti, zilizochongwa na fundi seremala wa kijiji, na wanaume waliotoka shamba wakiwa hoi walizibeba begani wakazunguka uwanja wa ofisi ya kijiji huku mwenyekiti akitazama kwa furaha. Mzee mmoja, jirani yetu, aliambiwa anyanyue goti juu zaidi. Akajibu kwa upole, "Mwalimu, mimi hata adui akija atanikuta nimelala." Watu walicheka. Mwalimu wa Viungo hakucheka, akamtoa mstarini na kumwambia akae kivulini, kisha kesho yake akampelekea nusu kilo ya chumvi.

Lakini ulipofika wakati wa kuwahamishia watu vijiji vya ujamaa, ni mgambo hao hao waliokwenda kuezua mapaa ya waliokuwa wanakawia. Walikwenda kwa mstari mzuri, hatua sawasawa, kama walivyofundishwa. Yeye alisimama kando ya barabara, wima, akawatazama wakipita. Baba yangu alimwendea akamuuliza, "Mwalimu, hawa si wanafunzi wako?" Akajibu, "Mimi nafundisha viungo, ndugu. Vichwa nilivikuta." Nilikuwa nimesimama karibu nikalisikia jibu hilo, na mpaka leo linanichefua.

Kulikuwa na jambo lingine juu yake ambalo kila mtu aliliona na hakuna aliyelielewa. Kwetu, ukikutana na mtu wa kuheshimiwa, unachutama. Unashuka chini kabisa, unapiga makofi taratibu, viganja vikiwa vimekunjwa kidogo, unangoja uitikiwe. Mtoto anamchutamia mkubwa, mkwe anamchutamia mkwe, na mtu mzima mwenye mvi zake anamchutamia mama yake. Mwalimu wa Viungo hakumchutamia yeyote. Si padri, si mzee wa ukoo, si marehemu aliyelazwa ndani. Alisimama, akainamisha kichwa kidogo, basi. Watu walisema uzungu umemkaa magotini. Mama yake mwenyewe, bibi mpole aliyekuwa akiuza pombe ya ulezi, alikuwa akiwaambia wateja kwamba mwanawe alirudi kutoka jeshini na miguu ya mti, na aliyasema hayo akicheka, lakini aliyasema kila mara.

Sasa nifike kwenye lile zoezi, maana ni kwa sababu yake naandika.

Kila Ijumaa mchana shule nzima ilikusanyika. Mwalimu wa Viungo alitaja jina la mvulana aliyeongoza wiki hiyo, kwa mbio, kwa usafi na kwa masomo. Mvulana huyo alitoka mbele akapewa jiwe la mtoni, kubwa kama boga. Akalinyanyua juu ya kichwa, mikono imenyooka, akachuchumaa mpaka makalio yakagusa visigino, na hivyo hivyo, akiwa amechuchumaa, akatembea kupanda mteremko wa nyuma ya shule mpaka kwenye mikaratusi. Sisi tulipiga makofi. Liliitwa Zoezi la Walio Bora. Wasichana hatukupewa, na nakumbuka nilivyoona wivu.

"Hili," alituambia, "jeshini tulipewa sisi watu wa Ufipa tu. Makabila mengine hayakupewa. Mzungu alitutazama, akaona nguvu yetu iko wapi." Tulivimba vichwa. Nchi nzima ilituona sisi washamba wa mwisho wa barabara, hata redio ilikuwa haitusikii vizuri wala sisi hatukuisikia, na kumbe kulikuwa na kitu tulichopewa peke yetu. Mazoezi mengine yote aliyaonyesha kwa mwili wake mwenyewe, hata akiwa na mvi. Hili hakuwahi kulionyesha. Tukimwomba alisema, "Hili halionyeshwi. Mtu hupewa."

Kaka yangu mkubwa alipewa kuliko mvulana yeyote aliyepita shule ile. Darasa la sita na la saba, Ijumaa kwa Ijumaa, ilikuwa nadra jina la mwingine kutajwa. Jioni mama alimkanda magoti kwa mafuta ya nyonyo na maji ya moto, na baba alikaa pembeni akitazama kama mtu anayetazama ng'ombe wake wakirudi wameshiba. Baba aliwasimulia watu. Kwenye pombe, kwenye mikutano ya balozi, kanisani baada ya misa, hakukuwa na mtu wa kijiji kile ambaye hakuwa amesikia kwamba mwanawe hupewa zoezi la walio bora.

Kaka alitaka kitu kimoja tu duniani, kuwa askari. Alipofikia umri akaenda mjini kupimwa na watu wa jeshi. Alirudi siku hiyo hiyo, akavua viatu alivyoazima, akasema nafasi zimejaa. Hakuomba tena. Akaoa, akalima. Lakini kulima kwetu ni kulima matuta, kuinama na kupindua udongo na majani kutoka alfajiri, na magoti yake yalivimba kila masika mpaka suruali haipiti. Mpaka leo analima akiwa ameketi. Ana kigoda cha miguu mitatu, anakaa, anapiga jembe, anakisogeza, anakaa tena. Ukipita shambani kwake unaona vishimo vya miguu ya kigoda katikati ya matuta, mstari mrefu, na watoto wa kijiji wanajua bila kuuliza hilo ni shamba la nani.

Mimi nilisomea uuguzi Mbeya, nikarudi kufanya kazi hospitali ya Sumbawanga. Nikampeleka kaka kwa daktari. Daktari akamkunja na kumkunjua miguu, akasikiliza magoti yanavyolia, akaniambia pembeni kwamba gegedu, ule mfupa laini wa kwenye kiungo, limelika kama la mzee wa miaka themanini, na akauliza kama mgonjwa aliwahi kubeba mizigo akiwa mtoto. Nikasema ndiyo, mizigo. Kuanzia hapo nilimchukia Mwalimu wa Viungo. Hata hivyo niliacha mlango mmoja wazi: huenda hakujua. Huenda naye alipewa kitu akaamini ni kizuri, akakitoa kwa waliomfurahisha, kama mama anavyompa mtoto dawa ya kienyeji inayomuua. Nilitaka kujua hilo tu. Alijua, au hakujua.

Kiangazi kimoja jeshi likafungua makumbusho kwenye ghala la zamani pale Boma. Yalikuwa ya kukaa msimu mmoja, kisha yahamishiwe kwingine, na yalihusu historia ya mazoezi ya viungo jeshini. Mwalimu wa Viungo alikuwa amekwisha kustaafu, anaishi Mollo. Jumamosi asubuhi akagonga mlango wangu mjini, nyuma yake wazee wenzake wamevaa makoti ya kanisani.

"Binti," akaniambia, "twende. Wewe umesoma, ukaone tulichofanya."

"Shikamoo mwalimu. Kaka naye amealikwa?"

"Nilimpitia. Anasema miguu haimruhusu. Amesema tumsalimie wanajeshi wa huko." Akacheka kidogo. Alikuwa na furaha siku hiyo, furaha ya mtu anayekwenda kutoa ushahidi.

Ghala lilikuwa limepakwa chokaa, linanuka nta ya sakafu. Koplo mmoja kijana, mtanashati, mwenye fimbo ya kuonyeshea, alitupokea kwa heshima akatupitisha ukuta kwa ukuta. Kwanza mieleka na kurusha mikuki ya wazee wa zamani. Kisha enzi ya Mjerumani, askari wamevaa kofia zenye kitambaa nyuma, wanaruka juu ya farasi wa mbao. Kwenye meza kulikuwa na virungu vya kuzungusha mikono, mpira wa ngozi uliojaa mchanga, kamba ya kupandia. Mwalimu wa Viungo alikigusa kila kitu, ingawa kulikuwa na kibao cha kukataza, na akawaeleza wenzake matumizi yake kabla koplo hajafungua mdomo. Koplo akamwachia. "Kumbe tuna mwalimu humu," akasema, na wazee wakaitika kwa fahari.

Tukafika enzi ya Mwingereza. Kulikuwa na picha kubwa, wanaume weusi katika mstari, wamechuchumaa, mawe juu ya vichwa vyao, na nyuma yao mzungu aliyeshika kifimbo. Mwanamume wa tatu alikuwa anatabasamu. Hata bila kuambiwa ungemjua kwa kifua.

"Ni yeye," wazee wakasema. "Mwalimu, ni wewe."

Akasimama mbele ya picha yake, wima. "Mwanangu," akamwambia koplo, "waeleze hawa."

Koplo hakuwa na nia mbaya. Aliinua fimbo, akaeleza kwa sauti yake ile ile ya kazi. "Hii ni adhabu. Askari waliotoka nyanda za Ufipa, kwa desturi ya kwao, walikuwa wakiitwa na mkubwa wanachutama na kupiga makofi badala ya kusimama wima. Basi afisa akaamuru wanaopenda kuchutama watembee wamechutama, na jiwe juu. Aliyepiga picha aliandika maelezo hayo nyuma yake. Nia ilikuwa kuwavunja hiyo desturi. Mazoezi hasa ni yale ya ukuta ule, haya tumeyaweka ili wananchi waone ukatili wa mkoloni."

Mzee mmoja alikohoa akatazama viatu vyake. Nilimtazama Mwalimu wa Viungo usoni, maana nilikuwa nimengoja miaka, na nikaona uso wake haukushangaa. Macho yake yalinitoroka tu, yakakimbilia dirishani. Nakiri kwamba nilifurahi. Furaha yenyewe haikufika hata mlangoni, kwa sababu tulipotoka nje nilimwona anashuka ngazi za ghala kwa ubavu, mguu mmoja mmoja, ameshika ukuta. Miaka yote ile sikuwahi kumwona akishika ukuta.

Wazee wale hawakumcheka. Walifanya vibaya zaidi, waliacha kuzungumzia jeshi mbele yake.

Mara ya mwisho kukaa naye ilikuwa baada ya mavuno ya ulezi, nyumbani kwa kaka. Nilikuwa nimekwenda kusaidia kupepeta. Nikamwona anakuja njiani na fimbo, taratibu, amevaa suruali ndefu. Nikamfuata kabla hajafika uani.

"Shikamoo."

"Marahaba, binti. Nimekuja kwa kaka yako."

"Kabla hujaingia, mwalimu, niambie. Ulijua?"

Hakuniuliza ninazungumzia nini. "Siku ya kwanza sikujua," akasema. "Tulimchutamia mzungu kama tunavyomchutamia mkubwa yeyote. Akasema neno, mkalimani akatuambia bwana amependa, tembeeni hivyo hivyo. Tukatembea tukifurahi. Kesho yake wakaleta mawe, nikaanza nikitabasamu, nikamaliza nimejua."

"Ukaja ukalifanya kwa watoto."

"Nilirudi nyumbani, watu wote wamekuja kuniuliza huko nilifundishwa nini. Ningewaambia nimeadhibiwa kwa kumsalimu mtu? Nikasema ni zoezi. Ukishasema neno mbele ya watu, inabidi uliishi."

"Kwa nini wale wazuri? Kwa nini usiwape wakorofi?"

Akafikiri. "Ningewapa wakorofi lingekuwa adhabu," akasema, na akaona mwenyewe alichokisema.

Sikuwa na huruma. Nikamwambia aingie akamweleze kaka yangu mwenyewe, kwa mdomo wake, au mimi nitamweleza mbele yake. Akasema ndicho kilichomleta. Tukaingia. Kaka alikuwa barazani juu ya kigoda chake, akaanza kushuka ili achutame kama desturi, na mwalimu akamzuia kwa mkono, akaketi kwenye benchi. Mke wa kaka akaleta maji ya kunawa. Mimi nikarudi kwenye ungo wangu wa ulezi, masikio wazi.

Mwalimu wa Viungo alisema yote. Hakupunguza, nampa haki yake hiyo. Aliyasema akitazama uwanja, na alipofika kwenye neno adhabu akalirudia.

Kaka alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nalijua hilo, mwalimu."

Nikaacha kupepeta.

"Siku ile ya kupimwa," kaka akasema, "daktari wa jeshi alinikunja magoti, akaniambia, hii ni adhabu ya zamani, nimeiona kwa wazee, wewe kijana ulikosa nini? Nikamwambia nilikuwa wa kwanza darasani. Walicheka mle ndani mpaka karani akaja kuchungulia."

"Miaka yote hiyo umejua." Mwalimu alisema kwa shida. "Mbona hukuja kunitukana?"

"Baba alikuwa bado anawasimulia watu. Mpaka siku anakufa alikuwa anawasimulia. Ningemwambia nini?"

Sikujua niangalie wapi. Miaka nimeibeba hasira ya mtu, nikidhani mwenyewe hana habari, kumbe alikuwa nayo tangu akiwa kijana na alikuwa ameilima humo humo matutani. Hata lile neno la nafasi zimejaa lilikuwa uongo wake wa kutulinda sisi.

Mwalimu wa Viungo aliweka fimbo chini. Akainama, akajaribu kushuka kutoka kwenye benchi, mikono imekwisha kukutana tayari kwa kupiga makofi, yeye ambaye hakumchutamia hata mama yake. Magoti yalimkatalia katikati. Akabaki hivyo, si juu si chini, ameshikilia benchi. "Nisamehe, mwanangu," akasema.

Kaka alimshika kwapani akamrudisha kwenye benchi, polepole, kama unavyomketisha mgonjwa. Sijawahi kumsikia kaka yangu akisema neno kali maishani mwake, na hata siku hiyo hakulisema kwa ukali.

"Mwalimu, hapa ni kwako. Kula, pumzika, ukitaka lala. Ila hilo usiniombe."

Chakula kikaletwa, ugali wa ulezi na maharage. Mwalimu wa Viungo alinawa akala. Kaka alipoona maharage yamepungua upande wa mgeni, akamwongezea.